Keki Zilizoungua

Luned, mdogo wangu kipenzi,

Huku Wales mvua haijakatika tangu Jumapili, na paka wako mzee bado ananinunia kana kwamba mimi ndiye niliyekufukuza nyumbani.

Jumamosi tuliuza keki kwenye ukumbi wa kanisa, kuchangia utafiti wa dawa mpya za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Zangu za zabibu ziliungua zikawa nyeusi tii! Idwal akaja mbio kutoka bustanini: "Mke wangu, unapika au unachoma mkaa? Moshi nimeunusa toka kule, na wewe umesimama hapo hapo!" Tukacheka hadi machozi yakatutoka.

Ukumbini, daktari mtafiti alitushukuru, akaeleza kwamba wengine hupoteza uwezo wa kunusa miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Akasema wanahitaji pesa, na pia watu wa kujitolea kupimwa. Idwal hakucheka tena. Alinishika mkono, nami nikawa wa kwanza kuandika jina langu kwenye orodha yao.

Usilie, hawajanipima bado. Ila nitumie shali ya Mama. Ulisema bado ina harufu yake. Nataka nijue kama na mimi naipata.

Dada yako mbishi,
Nerys