Klova Aliyoikosea Baba

Jumanne.

Ni mwandiko wa baba kabisa. Leo chuoni Kyambogo, kwenye hifadhi ya mimea, nikipanga mimea mikavu aliyoikusanya enzi za kazi yake, nimekuta mmoja ameuandika "klova ya porini". Vijani vyake vitatu vina umbo la moyo. Klova, yale majani ya malisho, haiko hivyo; vijani vyake vina umbo la yai. Ule ni mmea mchachu tu, na ni yeye aliyenifundisha kuutambua nikiwa mtoto.

Tarehe kwenye lebo ni ya mwaka mzima kabla hajaanza kusahau majina yetu. Mwaka ule nilikuwa namgombeza: "Baba, husikilizi."

Akello, mwenzangu wa kazi, aliuliza, "Dada, nisahihishe?"

Nilimwambia aache. Kisha nikashika klova mbili halisi, za aina mbili nilizozitofautisha tangu utotoni, na kwa muda mrefu sikujua ipi ni ipi.