Mwongozo wa Athene, kwa Mtu Aliyetemewa Maziwa

Alhamisi, mwezi wa saba. Ukungu tangu asubuhi. Mlima Meru haujajitokeza kutwa nzima, na kwa ninavyojisikia leo, umefanya vizuri kutonitazama.

Nina kinyaa. Si cha tumbo, ingawa tumbo nalo lina maoni yake.

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa kijijini. Tunaanza na kahawa, tunapita migombani, tunafuata mfereji, tunaishia jikoni kwa Mama, wanaonja maziwa ya mgando. Mama ni Mwarusha aliyeolewa Umeruni, na kibuyu chake anakisafisha kama alivyofundishwa kwao. Anachoma kijiti cha oloirien, yaani mzeituni wa porini, anakiingiza kibuyuni kikiwa na kaa jekundu, anasugua hadi moshi ushike, kisha anakung'uta. Maziwa hukaa siku nyingi bila kuharibika. Yananukia moshi, na yana vichembe vyeusi.

Hivyo vichembe mimi huwaambia wageni ni viungo.

Nilianza kwa mgeni mmoja aliyekunja uso, nikaona imepita, nikaendelea. Mkaa niliuonea aibu. Viungo vina heshima. Watu wamevuka bahari kuvitafuta.

Leo nilikuwa na kundi la wageni, mmoja wao mzee wa Ulaya, mwalimu mstaafu. Njia nzima ananieleza Athene ya kale: mji wa wenye akili, watu wa hoja, chimbuko la ustaarabu. Nami naitikia, maana kuitikia ni sehemu ya kazi. Tulipofika kwa Mama alisema shikamoo vizuri tu, akaitikiwa marahaba, akapewa kikombe. Akanywa nusu, akasifu viungo. Halafu akachungulia nyuma ya jiko, akamkuta Mama anaandaa kibuyu cha pili, kijiti kinawaka, kinazama ndani.

Akatazama kikombe chake.

Akatema. Pale pale uani, karibu na miguu ya Mama.

Na mimi, mtoto niliyekuzwa na maziwa hayo hayo, nikasema samahani. Nikamwambia mgeni.

Mama alifunika kibuyu, akaingia ndani. Shabani, dereva wetu, kijana wa mjini asiyejua kunong'ona, alisubiri wageni wapande gari, akatoa kichwa dirishani: "Kaka, radhi umeipeleka nyumba siyo."

Niliporudi jikoni, Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Kesho hao wengine wapeleke kwa jirani," alisema. "Hapa pamefungwa."

Jirani hana ng'ombe. Bila jiko la Mama, ninachouza ni matembezi ya kuangalia migomba kwenye ukungu. Lakini hilo ningelivumilia. Lililonichoma ni kwamba Mama, ambaye siku zote huniita baba, alinipa chai akaniita kwa jina langu la kwenye cheti. Lote.

Nikaenda kutafuta silaha. Ninacho kitabu kuhusu maisha ya Athene ya kale, nilikiokota kwenye vitabu vya mtumba mjini, jalada limenyofoka. Nilikisoma zamani bila nia mbaya. Leo nilikisoma kwa nia mbaya. Nikaketi kwenye kigoda na kumsomea Mama kwa Kiswahili changu, kama mwongozo wa msafiri, ili ajue mzee yule anasifia mji gani.

Ndugu msafiri utokaye Arusha, ukifika Athene tembea katikati ya njia. Vyungu vya usiku vinamwagwa mtaani, na anayemwaga hana kawaida ya kuchungulia kwanza.

Mama anamenya ndizi. Hanisikii.

Sokoni, usishangae chenji ikiwa na mate. Nguo zao hazina mifuko, hivyo sarafu ndogo hukaa shavuni. Muuza samaki atakutemea chenji yako kiganjani, nawe utaitia shavuni kwako, ndiyo umekuwa mwenyeji. Na sisi huku tunawacheka mama zetu kwa kufunga hela kwenye pindo la khanga!

Kisu kikasimama. "Na akipiga chafya?"

"Kitabu hakisemi, Mama."

"Wasomi," akasema, akaendelea kumenya.

Msalani, usiulizie karatasi wala maji. Kuna mawe. Mawe yakiisha kuna vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mwongozo huu unakushauri ujifanye huna haja hadi urudi huku kwetu Tengeru.

Ukialikwa kula, utalala ubavu kama mgonjwa. Vidole vinafutwa kwa donge la mkate, donge anatupiwa mbwa, na mbwa yuko hapo hapo chini ya meza anakusubiri uchafue vidole. Wakishalewa wanashindana kurusha mashapo ya divai kulenga kisahani. Ukutani, sakafuni, kwako. Mke wa mwenye nyumba hutamwona. Amefungiwa vyumba vya ndani.

"Asubuhi yake nani alifuta hizo kuta?" Mama akauliza.

Nikasema watumwa. Mama alikata ndizi moja vipande vidogo kuliko ilivyohitajika.

Kuna mahali nilikaribia kuwapenda. Siku ya mkutano wa wananchi, sokoni hupitishwa kamba iliyolowekwa rangi nyekundu, kusomba wazembe. Ukipatikana na doa, faini. Mwenyekiti wetu wa kijiji, anayehutubia viti vitupu, nisingependa aipate habari hiyo.

Nikafika kwenye kuoga. Wanaume wa Athene wakienda mazoezini hujipaka mafuta mwili mzima, wanapigana mieleka vumbini, kisha wanajikwangua kwa chuma kilichopinda. Kinachotoka, yaani mafuta, jasho na vumbi, hakitupwi. Kinakusanywa, kinauzwa. Dawa ya uvimbe.

"Mafuta ya nini?" Mama akauliza.

"Ya zeituni, Mama. Oloirien wa kwao."

"Wanampakaza mgonjwa jasho la mtu?"

"Wanalinunua kabisa."

Mama akageuza shingo, akatema mate. Ptuu! Yakaangukia kwenye maganda ya ndizi.

Nilifurahi kama wakili. "Umeona? Na wewe umetema! Ngoma droo."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Nimetema kwangu," alisema. "Sijaenda kwao nikatema mbele ya mama yao."

Nikafunga kitabu.

"Na yule mzee usimsingizie sana. Aliyapenda maziwa, nilimwona. Shabani kaniambia ulimwambia nini. Viungo! Mtu umemwambia viungo, halafu anaona moto unaingia kibuyuni. Angewaza nini? Ungemwambia mkaa tangu mlangoni, angekunywa au angekataa, na kukataa si tusi. Wewe ndiye ulianza kuyatema, kabla yake."

Kinyaa changu, ambacho jioni nzima nilikuwa nakisafirisha hadi Athene, kikarudi, kikakaa kigodani pamoja nami. Watu wale wa chenji za mate walijisifu mpaka leo wanasomwa. Mimi nina kibuyu kisafi kuliko miji yao yote, nikakivalisha jina la bandia.

Mama aliinuka, akaniletea kijiti cha oloirien na kibuyu kitupu. Kwetu mwanamume hasafishi kibuyu. Sijawahi kumwona baba akikigusa ila kikiwa kimejaa.

"Kesho utawaonyesha mwenyewe, kuanzia kwenye kijiti. Sasa jifunze."

Nimechoma kijiti. Nimechoma na kidole gumba. Moshi umeniingia macho yote mawili, kamasi zimenitoka, na kaa likanivunjikia ndani ya kibuyu hadi Mama akaguna. Humo kwenye moshi, ambamo mtu hawezi kujulikana analia nini, nikasema, "Samahani, Mama."

"Sugua, baba," akajibu.

Naandika haya kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto. Cha kulia kimepakwa asali. Kucha zangu ni nyeusi na hazitatakata kwa sabuni usiku huu. Kesho wanakuja wengine. Vichembe vitakuwa vilevile, ila vitaitwa mkaa.