Gauni la Kipaimara Kambani

Njombe, Jumamosi, Julai

Nilikuwa mkaidi, nakubali. Jana mama mkwe alinionya: "Mama Tumaini, lianike juu ya moto. Nje litaganda kwa baridi." Nikakataa. Gauni la kipaimara nililolivaa mimi, kesho analivaa binti yangu, liingie kanisani linanuka moshi?

Asubuhi nimelikuta kambani gumu kama ubao, mikono imenyooka. Nikataka kulikunja nilifiche.

"Usilikunje, litakatika!" Mama mkwe alicheka mpaka machozi. Tukalibeba wawili, polepole kama mgonjwa, tukalilaza juani.

Lilipokauka, baridi ya usiku ilikuwa imeling'arisha, jeupe kuliko siku niliyolivaa. Mama mkwe akaligeuza, akaligeuza tena.

Jioni hii nimechungulia nje. Shuka jeupe la mama mkwe liko kambani, linangoja baridi.