Ndoano Bila Chambo

Kitanga, Kasulu
16 Julai 1974

Mdogo wangu Reverien,

Esteri na watoto wanakusalimu. Maharage yamekubali mwaka huu. Mimi kila Jumapili baada ya ibada nakwenda kuvua samaki, kujifurahisha tu, maana mtoni ndiko siulizwi natokea wapi.

Ila kuna mtu ameanza kuja kukaa karibu nami. Anaitwa Nsabimana, anasema naye alikimbia Burundi mwaka ule wetu. Juzi mishipi yetu ilisokotana. Nikauvuta wake, nikaona ndoano haina chambo.

"Umesahau chambo?" nikamwuliza.

Akasema, "Kaka, yule mdogo wako mwalimu yuko wapi siku hizi?"

Sijawahi kumwambia kwamba nina mdogo. Nikamjibu kuwa ulifia njiani, tukakuzika porini. Basi akavua kofia, akalia mpaka mabega yakatikisika, akasema wewe ndiye uliyemfundisha mwanawe kusoma.

Sijui nimemdanganya adui, mmoja wa wale waliowaua walimu wenzako, au nimemliza rafiki. Barua hii anakuletea Dadi mwenye duka, mkono kwa mkono. Mpaka nitakapojua, ndugu yangu, wewe ni marehemu. Usiniandikie.

Kaka yako,
Pasikali