Shaba Niliyoikwangua

Mpendwa kaka Saidi,

Tangu ile barua ya jeshi itufikie kutoka Burma kusema hutarudi, sijakuandikia. Nimekuwa nikikuogopa, na leo nitakwambia kwa nini.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisaka vinanda vibovu? Ukisikia tu kwamba mahali fulani kuna kimoja, chakula hakikupiti. Kile cha Changamwe tulikikuta kimegeuzwa meza ya mitungi ya maji.

"Hakilii hicho tangu bwanangu afe," mwenyewe alisema, akicheka.

"Kitalia, bibi, inshallah," ukamjibu kwa adabu zako zote.

Nikajua mgongo wangu umekwisha. Tulivuka nacho feri hadi Likoni huku watu wakituuliza tunahamia wapi.

Ndani mlikuwa na kiota cha panya, na mvukuto wake wa kusukumia hewa ulikuwa umeliwa na mende. Mimi nikashona mpya wa ngozi ya mbuzi, maana vidole vyako vilikuwa vinene mno kwa sindano. Wewe ulikaa na zile ndimi ndogo za shaba zinazotoa sauti, ukizikwangua kwa wembe, moja moja. Mafundi wengine hufuata sauti ya kinanda kingine. Wewe ulimwomba mama aimbe huku akipepeta mchele, ukafuata yake. "Taratibu," ulinionya niliposhika wembe, "shaba ikikwanguliwa haioti tena." Ndiyo maana kinanda kile hakikufanana na chochote pwani nzima.

Ulipokwenda vitani ulinikabidhi mimi kinanda hicho. Kila alasiri mama alinitaka nikipige, akafumba macho. "Saidi yuko papa hapa," alikuwa akisema.

Baada ya barua ile alizidi. Akimaliza kuswali alasiri, ananiita. Nami kila nikibonyeza nilikusikia ukivuta pumzi ndani ya ngozi niliyoishona kwa mkono wangu. Nilikonda, kaka. Ulikuwa umekufa na ulikuwa hutoki nyumbani. Basi siku moja mama alipokwenda matangani kijiji cha Shika Adabu, nilikifungua kinanda, nikachukua wembe wako, nikazikwangua ndimi zote mpaka zikalia kama za vinanda vya watu wengine.

Mama aliporudi nilimpigia. Akafumbua macho.

"Mwanaisha, sauti ya mwanangu i wapi?"

"Ni unyevu wa mvua, mama. Kikikauka itarudi."

Akanisadiki. Hajawahi kunishuku kwa lolote.

Nyumba sasa imetulia kama nilivyotaka, na utulivu huo ndio unaonitesa. Nakutafuta kichwani sikupati. Nimejaribu kuzirudisha zile ndimi nilivyokuona ukifanya. Tatu zimekatika mkononi. Ningemwomba mama aimbe nimfuate kama wewe, lakini tangu msiba haimbi. Wallahi nilitaka kupumzika tu. Sikujua kwamba ulikuwa umebaki mle tu, si kwingine.

Mvua zimekwisha kitambo. Kila asubuhi mama huwasha makaa kwenye seredani, akaiweka karibu na kinanda, akakigeuza upande huu na ule ili kishike joto. Ananiambia tusikiharakishe. Leo moto ulipofifia aliniita nimpelekee makaa mengine, nikampelekea.

Pumzika, kaka, nami unisamehe ukiweza.

Ni mimi dada yako,
Mwanaisha