Klachi ya Bibi Yako

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Mbeya? Huku Musoma mimi mzima. Shangazi yako amehamia Bunda, nyumba imekuwa kimya.

Umeniuliza kwa nini gia za gari lako zinagoma hata ukikanyaga klachi mpaka chini. Huenda waya wake umelegea. Fundi aukaze, ila pedali ibaki na nafasi kidogo, la sivyo klachi itaungua.

Bibi yako alikuwaga mkunga, na miguu yake mifupi haikuweza kuifikisha klachi ya pikapu yetu mwisho. Siku mdogo wake aliposhikwa na uchungu Butiama, nikataka kumpeleka bibi yako huko.

"Nirekebishie klachi tu," akasema. "Nitaendesha mwenyewe."

Nikakaza waya ili klachi iachie kabla pedali haijafika chini, yeye ndani akikanyaga. "Bado... Hapo hapo!"

Akaondoka. Nilisimama barabarani nikisikiliza gia zikiingia vizuri mpaka sikumsikia tena. Nilifurahi, na upweke ukanishika. Jioni alirudi akicheka. Mtoto alikuwa salama.

Tangu tumzike bibi yako, pikapu naendesha mimi. Fundi anasema klachi inashika juu mno kwa miguu yangu mirefu, ailegeze. Nimemkatalia. Goti linauma, lakini nikikanyaga naona kama ameshuka garini sasa hivi tu.

Babu yako anayekukumbuka,
Magesa