Elieza Mazengo, Hukupima Saa Nane Mchana

Mwaka unatimia Jumatano hii, tarehe 13 Novemba 1996, tangu ulipotutoka, mpendwa wetu Elieza. Daktari alisema ni presha, na hilo tumelikubali. Yaliyofuata ndiyo hatujayakubali.

Ulikuwa mpole, ila kwa vyombo vya metali hukumwamini mtu. Evelina, mkeo, hakuweza kuleta sufuria kutoka sokoni usiigonge na kuitegea sikio. Alikucheka miaka kumi na tisa. Sasa anazigonga mwenyewe, na akiona tunamtazama anaona haya.

Kazini ulipima mabati ya ndege bila kuyakata wala kuyatoboa. Uligusisha kile kifaa chako mfano wa kalamu, umeme kidogo ukapita, na mshale ukakuambia kama bati lina nguvu au limechoka. Siku hizi za soko huria, kila mwenye rafiki ng'ambo analeta ndege. Kampuni moja ikakuletea bawa lililotumika, la alumini iliyochanganywa na lithiamu. Lilikuwa jepesi, linang'aa kama jipya. Ulilipima, ukarudi nyumbani. Wiki iliyofuata tukakuzika Mvumi.

Mwezi Agosti meneja wa kampuni hiyo alifika nyumbani na kilo mbili za sukari. Akamwamkia Evelina shikamoo, na umri wao ni mmoja. Hapo hapo Evelina akaingiwa na shaka.

"Mama Loisi, ni kuthibitisha tu kwamba sahihi hii ni ya marehemu, ndege ipate kibali. Itabeba wagonjwa wa Mpwapwa."

Evelina aliisoma fomu polepole. Bawa limefaulu, tarehe 7 Novemba, saa nane mchana. Sahihi ilifanana na yako hasa.

"Mume wangu alipima asubuhi, kabla bati la paa la karakana halijachemka," alisema. "Chuma kikishika joto, mshale unadanganya. Mchana hakupima hata siku moja."

"Mama, saa ni jambo dogo."

"Kwake halikuwa dogo. Chukua na sukari yako."

Meneja alipoondoka, Evelina alifungua sanduku lako la nguo akatoa daftari la kazi. Tarehe ile ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uliandika: "Bawa limewahi kuungua, nguvu imepungua. Lisiruke." Alikaa kitandani akalia, kwa uchungu na kwa kukuonea fahari. Ndege ile ikianguka na watu, litakaloandikwa ni jina lako.

Wakaguzi wa ndege wa Dar es Salaam wamekubali kumsikiliza. Wamempangia Jumatano hii hii. Kwa nini siku hiyo katika siku zote, hatujui, na tumeacha kuamini kwamba mambo hutokea tu. Shaaban, fundi mwenzako, atasafiri naye, na daftari halitatoka mkononi mwake Evelina.

Kwa hiyo mkeo hatakuwepo kaburini. Usimhesabie kwamba amekusahau. Amekwenda kukusemea.

Sisi tuliobaki tutafika na maua: wanao Loisi na Jordan, kaka yako Anthony, dada yako Miriam, shemeji, wapwa na majirani wa Mvumi.

Upumzike, Elieza. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, na aliyeiga mkono wako tunamwomba naye akukumbuke.